Sinki la Kauri Livujalo: Sababu Yake na Namna ya Kulitengeneza

Nyumba nyingi za mjini, na siku hizi hata nyumba za mashambani zilizoletewa maji ya bomba, zina sinki jikoni. Mengine ni ya chuma kisichoshika kutu, na mengine ni ya kauri, yaani udongo uliochomwa na kupakwa weupe ung'aao kama kioo. Sinki la kauri ni zuri, nalo hudumu miaka mingi. Walakini lina ugonjwa mmoja uwasumbuao wenye nyumba: maji huvuja chini yake, mahali pale linapounganishwa na bomba la maji machafu.

Jambo hili huonekana dogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 3,600 kwa saa; na kwa kuwa matone 20 hivi hufanya mililita moja, saa moja hutoa mililita 180, karibu bilauri nzima. Maji hayo huozesha mbao za kabati, huleta mende, na katika nyumba ya ghorofa hushukia dari ya jirani. Lakini hasara iliyo kubwa kuliko hizo zote haitokani na maji, bali hutokana na mkono wa yule ajaye kuyazuia kwa spana.

VIPANDE VYA SINKI

Katika tundu la sinki hupita kipande cha shaba au plastiki, ambacho hapa kitaitwa koo. Koo lina ukingo mpana ukaao juu, ndani ya sinki, na shina lenye hesi kama za parafujo lishukalo chini. Upande wa chini huvishwa washa ya mpira, kisha nati kubwa huibana washa hiyo hata ishikamane na udongo. Mwisho wa shina hufungwa bomba lililopindika mfano wa shingo ya bata, ambalo hubakiza maji kidogo daima ili harufu ya mtaroni isipande jikoni.

Masinki mengi ya kauri yana tundu la pili karibu na ukingo wa juu, lipokealo maji yakitaka kufurika. Maji hayo hushuka kwa njia iliyofichwa ndani ya ukuta wa sinki, yakafika penye koo, na kuingia kwa vitundu vilivyo ubavuni mwake. Kwa hiyo pana uwazi ndani ya udongo, kulizunguka koo, nao hupata maji. Kiyazuiacho maji hayo yasianguke sakafuni ni ile washa ya chini. Yafaa msomaji alishike jambo hili, maana ndilo ufunguo wa mengine yote.

KUTAFUTA MAHALI PAVUJAPO

Kabla ya kufungua kitu chochote, hapana budi kujua maji yatoka wapi. Kausha kila kipande kwa kitambaa, kisha tandika gazeti kavu chini ya sinki. Ziba koo kwa kizibo kishikacho sawasawa, tia maji nusu ya sinki, na ungoje dakika 15. Gazeti likilowa wakati huo, maji yanapenya chini ya ukingo wa juu wa koo, na washa ya chini nayo haishiki.

Ikiwa gazeti ni kavu bado, ondoa kizibo na upapase kwa kidole kikavu tangu juu kwenda chini. Maji yakianzia penye nati kubwa, yanapita kando ya washa au yanafuata hesi. Yakianzia chini zaidi, kosa ni la kiungo cha bomba lililopindika. Sinki halina hatia. Mwisho, zibua tundu la kufurikia na kulimiminia maji: kama huvuja wakati huo tu, maji yanatoka katika ile njia iliyofichwa.

KASORO YA UDONGO

Kila mfinyanzi ajua kwamba udongo hunywea unapokauka, na hunywea tena unapochomwa, hata chungu kilichofinyangwa vizuri chaweza kutoka motoni kimepinda. Sinki nalo ni vivyo hivyo. Huchomwa katika joto lipitalo digrii 1,000 za Selsiasi, na palipo pazito hapanywei sawa na palipo pembamba. Hivyo tundu laweza kukosa kuwa mviringo kamili, na upande wake wa chini ukawa na vilima na mabonde. Washa iliyo ngumu hukaa juu ya kilima na kuliacha bonde wazi, na maji hupita hapo.

Ndipo watu wengi wakosapo. Wakiona maji, hukaza nati. Maji yakiendelea, hukaza tena kwa spana ndefu zaidi. Nguvu yote hukusanyika juu ya kile kilima kidogo, na kauri, ambayo huvumilia kubeba uzito lakini haivumilii kupindwa, hupasuka. Tatizo lililohitaji washa ya bei ndogo sasa lahitaji sinki jipya.

KAZI YENYEWE

Kwanza, weka ndoo chini, fungua bomba lililopindika, kisha nati kubwa, na utoe koo. Kwangua puti au silikoni ya zamani kwa kipande cha mti au plastiki, wala si kwa kisu. Osha, kausha kabisa, na upanguse kwa spiriti, kwa kuwa silikoni haishiki penye mafuta wala maji.

Pili, pitisha kidole kulizunguka tundu, juu na chini, na uweke rula iliyonyooka upande wa chini. Bonde lisilopita unene wa sarafu laweza kujazwa. Ukiona ufa, acha kazi, ufa haujazwi.

Tatu, paka silikoni chini ya ukingo wa koo, mviringo mmoja usiokatika, kisha lishushe koo tunduni. Vitundu vya ubavuni vielekee penye njia ya maji ya kufurika, wala visizibwe.

Nne, paka silikoni upande wa chini hata mabonde yajae. Vika washa ya mpira mnene na laini, na upake silikoni kidogo kwenye hesi pale washa itakapokaa, maana maji hupenda kufuata hesi kama njia ya mchwa.

Tano, kaza nati kwa mkono mpaka igome. Ukitumia spana, usizidishe robo ya mzunguko. Silikoni ndiyo izuiayo maji. Kazi ya nati ni kushikilia tu. Mwishowe, rudisha bomba, acha sinki saa 24 bila maji, kisha rudia majaribio yale ya mwanzo.

KABLA YA KUNUNUA

Ni afadhali kasoro ionekane dukani kuliko jikoni. Mnunuzi aliinue sinki, alitazame tundu kwa chini, na kuliwekea rula. Kisha aligonge kwa kifundo cha kidole kama mama wa sokoni agongavyo chungu: lililo zima hulia kwa sauti safi, na lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa humlinda mnunuzi asiuziwe kitu kibovu. Lakini aliyekwisha kuikagua bidhaa hawezi kutegemea ulinzi huo kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipasa kuionyesha. Kwa hiyo anayekagua na akague kwa bidii, tena aitunze stakabadhi yake.

Na kwa yule ambaye sinki lake limekwisha kufungwa, ipo kanuni moja ya kukumbukwa: nati iliyokazwa mara mbili na maji yangali yakivuja, isikazwe mara ya tatu. Ifunguliwe, na udongo utazamwe.