Kupambanua Hitilafu: Wajibu wa Atumiaye Programu za Hisabati

Mtu atumiaye programu ya hisabati, awe mhandisi, mtakwimu au mwanafunzi wa chuo, aghalabu hulisadiki jibu aonalo kwenye kioo kwa kuwa limetoka upesi na lina tarakimu nyingi; walakini wingi wa tarakimu si ithibati ya usahihi, na majibu ya kompyuta huweza kuiacha kweli kwa njia mbili zisizofanana, ambazo yampasa kila mtumiaji kuzipambanua.

Njia ya kwanza yatokana na tabia ya mashine yenyewe. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Na kama vile thuluthi isivyomalizika tuiandikapo kwa desimali, bali huendelea 0.333 pasipo kikomo, ndivyo sehemu moja ya kumi isivyomalizika katika maandishi ya mashine, hata ikalazimika kukatwa na kuhifadhiwa namba iliyo karibu nayo. Ndiyo sababu lugha ya Python, ikiagizwa kujumlisha 0.1 na 0.2, hujibu 0.30000000000000004. Hilo si kosa la mwandishi wa programu, na dawa yake ni kuchagua njia iliyo muwafaka: programu ya Maxima, ikipewa 1/10 na 2/10, hujibu 3/10 kamili, kwa sababu huhifadhi kiasi na asili za sehemu bila ya kuzigeuza kuwa desimali.

Njia ya pili ni kosa hasa. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati katika Lynchburg College, Marekani, alikuwa akigawanya 1 kwa namba tasa pacha, yaani zile zilizoachana kwa mbili kama 11 na 13, na kuyajumlisha majibu, alipoona kwamba kompyuta yake mpya yahitilafiana na zile kongwe. Hakuharakisha kulaumu. Aliziondoa shaka moja baada ya moja, akianza na programu aliyoiandika mwenyewe, hata ikabainika kuwa kosa limo ndani ya prosesa ya Pentium, ambayo ilipogawanya 1 kwa 824633702441 ilitoa tarakimu za uongo baada ya ile ya nane. Alitangaza habari hiyo Oktoba, na Desemba mwaka ule ule kampuni ya Intel ikakubali kuwabadilishia wateja wake prosesa hizo.

Kilichompa Nicely nguvu ni mfano mmoja mfupi ambao mtu yeyote aliweza kuurudia, na huo ndio uti wa taarifa njema ya kosa hata katika programu. Mwenye kuiandika ataje toleo la programu na aina ya mashine, apunguze maagizo yake mpaka yabaki yale machache yasiyokosa kulitokeza kosa, aonyeshe jibu alilopewa, na karibu nalo aweke jibu sahihi pamoja na hoja ya usahihi wake.

Taarifa hiyo huzaa matunda zaidi pale msimbo wa programu unapokuwa wazi kwa wote. Maxima yatokana na Macsyma, iliyoanza kuundwa katika chuo cha MIT mwaka 1968; William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas aliitunza nakala yake tangu 1982 hadi kufariki kwake mwaka 2001, na mwaka 1998 alipata idhini ya Idara ya Nishati ya Marekani kuitoa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuusoma msimbo, kuurekebisha na kuugawa. Kosa likisharekebishwa, mfano uliolifichua huweza kuongezwa katika majaribio ya programu, ili kila toleo jipya lipimwe kwa mfano huo kabla ya kutolewa. Kwa hiyo mwalimu wa sekondari aliyetuma mfano wa mistari miwili, ijapokuwa hajui kuandika msimbo, amewakinga na jibu la uongo watu wasiohesabika watakaoitumia programu baada yake.