Je, Wajua? Pikipiki Kongwe Huumia Ikiwa Imelala

Je, wajua kwamba nchini Uingereza pikipiki nyingi za kale hazionekani barabarani majira ya baridi? Barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula kromi na chuma bila huruma. Basi mashine hulazwa bandani hadi Machi hivi.

Lakini kulala nako kuna madhara yake. Wengi hudhani wanaisaidia kwa kuiwasha dakika tano kila wiki. Hilo ni kosa kubwa! Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Injini isipopata joto la kutosha, maji hayo hubaki ndani ya ekzosi na kwenye oili, kutu ikaanza. Ni heri kuiacha kimya. Oili nayo ibadilishwe kabla ya kuilaza, kwa kuwa iliyotumika ina asidi. Kabureta imwagwe petroli yote: tangu 2021 petroli ya kawaida huko ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo hufyonza unyevu. Betri itolewe na kuchajiwa.

Majira ya kuchipua yakifika, hufanyika msafara wa Pioneer Run, ulioanza mwaka 1930, ambapo pikipiki zilizoundwa kabla ya 1915 huendeshwa hadi Brighton, mji wa pwani. Baadhi huwashwa kwa kusukumwa, kwani hazina hata kiki.

Kama unayo ya babu, usiisahau bandani.