Malkia Bona Sforza na Siasa ya Rehani

Ukitaka kuipima nguvu ya malkia wa karne ya 16, taji lake halitakusaidia sana. Uliza ana mashamba wapi, nani anamkusanyia kodi, na nani anadaiwa naye. Kwa kipimo hicho, malkia wachache wa Ulaya ya zama za Renesansi walimfikia Bona Sforza, Mwitaliano aliyeolewa Poland mwaka 1518 na kukaa huko karibu miaka 40.

Wengi wanaomtaja humkumbuka kwa mboga. Husimuliwa kwamba ndiye aliyewafundisha Wapoland kula mboga za Kiitaliano, na kwamba ndiye aliyewaletea sanaa ya Renesansi. Sifa hizo zimetiwa chumvi. Mumewe alikuwa tayari amewaajiri mafundi wa Italia kulijenga upya kasri la Wawel, mjini Kraków, kabla Bona hajafika. Urithi wake mkubwa uko kwenye madaftari ya ardhi.

Alizaliwa mwaka 1494 Vigevano, karibu na Milano. Baba yake, Gian Galeazzo Sforza, alikuwa mtawala wa Milano kwa jina tu. Aliyetawala kweli ni Ludovico, ami yake Gian Galeazzo. Mwaka huohuo Gian Galeazzo alifariki na ukoo wake ukawekwa kando. Mjane wake, Isabella wa Aragon, baadaye alipewa Bari, mji wa bandari kusini mwa Italia, naye akautawala mwenyewe. Bona alikulia kwa mama wa aina hiyo. Aliona jinsi ukoo unavyoweza kupokonywa kiti chake, na jinsi mwanamke mwenye mali yake mwenyewe anavyoweza kusimama tena.

Alipoolewa na Mfalme Sigismund I alikuwa na miaka 24, na mumewe 51. Kiti cha ufalme alichokikuta kilikuwa na heshima kubwa na mfuko mwepesi. Mfalme wa Poland alichaguliwa na makabaila, na tangu mwaka 1505 hakuweza kutunga sheria mpya bila ridhaa ya bunge lao. Kodi ya ziada nayo ilihitaji idhini yao. Basi vita vilipokuja na askari wakadai mishahara, mfalme aliweka mashamba ya taji rehani kwa matajiri wakubwa. Aliyekopesha alihamia shambani, akachuma mapato na kutoa amri, hata ngome na miji ikawa mikononi mwake. Mfalme alibaki mmiliki wa maandishi. Kwa kuwa mapato yaliyoweza kulipa deni yalikuwa yakiliwa na mkopeshaji, rehani nyingi hazikukombolewa.

Bona aliushika mzizi wa tatizo hilo. Alitumia fedha zake kuzikomboa rehani, kisha mashamba yakawa chini ya wasimamizi wake. Mwaka 1524 mama yake alipofariki, alirithi Bari na uwezo wake ukaongezeka. Katika Utemi Mkuu wa Lithuania, ambao mumewe pia alikuwa mtawala wake, alishika maeneo makubwa kama Pinsk, Kobryn na Grodno. Aliamuru ardhi ipimwe, mipaka iwekwe na mapato yaandikwe. Huko Podolia, kwenye njia ya wavamizi wa Kitatari, alijenga ngome na kuupa mji wake jina la Bar, kwa kumbukumbu ya Bari.

Upimaji huo ulikuwa mtangulizi wa mageuzi ambayo mwanawe, Sigismund August, aliyatangaza mwaka 1557 kwa mashamba ya mtawala kote Lithuania. Ardhi iligawanywa katika vipande vya kadiri ya hektari 21, kila kimoja kikiwa na wajibu wake. Hazina ilinufaika. Mkulima alipata mpaka unaojulikana, lakini alifungwa zaidi kwenye shamba lake, na aliyekuwa na deni la kazi kwa bwana hakuwa tena na pa kujificha.

Mali ilimletea watu. Bona alijenga kundi lake ndani ya serikali kwa kuwapigania wafuasi wake wapate vyeo. Piotr Gamrat akawa askofu wa Kraków, kisha askofu mkuu wa Gniezno. Piotr Kmita alikuwa miongoni mwa makabaila wakubwa waliomuunga mkono. Wapinzani wakanung'unika kwamba vyeo vinauzwa.

Ushindi wake mkubwa ulikuwa mwaka 1529. Alifanikisha mwanawe, aliyekuwa na miaka 9, achaguliwe kuwa mfalme wakati baba yake yungali hai, na mwanzoni mwa mwaka 1530 mtoto akatawazwa. Makabaila walilitafsiri jambo hilo kuwa hila ya kuugeuza uchaguzi kuwa urithi. Wakaweka masharti kwamba lisirudiwe.

Hasira zililipuka mwaka 1537. Makabaila waliokusanywa Lwów kwa ajili ya vita dhidi ya Moldavia waligoma, wakatoa orodha ya madai. Mojawapo lilikuwa kwamba malkia aache kununua mashamba. Mgomo huo uliitwa kwa kejeli Vita vya Kuku, maana ilisemwa kwamba waliokufa ni kuku tu, waliochinjwa na kuliwa na hao wagomaji. Dhihaka hiyo isitupotoshe. Makabaila wadogo nao walitaka mashamba ya taji yatoke kwa matajiri, lakini waliogopa yasije yakahamia kwenye mali binafsi ya ukoo wa mfalme. Mfalme mwenye mapato yake hahitaji kuliomba bunge kodi, na asiyeomba hasikilizi.

Nje ya nchi, adui wake alikuwa ukoo wa Habsburg. Baada ya mfalme wa Hungaria kuuawa Mohács mwaka 1526, Ferdinand wa Habsburg aligombea taji hilo na János Zápolya. Bona alimpendelea Zápolya, na mwaka 1539 binti yake Isabella akaolewa naye. Alipendelea pia amani na Sultani Suleiman, kwa hesabu kwamba Waosmani wangewazuia Wahabsburg wasipanuke.

Aliyemshinda hatimaye ni mwanawe. Sigismund August alimwoa kwa siri Barbara Radziwiłł, wa ukoo mkubwa wa Lithuania uliokuwa ukishindana na Bona. Sigismund I alipofariki mwaka 1548, mama na mwana walikuwa wamefarakana, na Bona akahamia Mazovia. Barbara alipofariki kwa ugonjwa mwaka 1551, watu walivumisha kwamba mkwewe alimpa sumu, bila ushahidi wowote.

Mwaka 1556 Bona alirudi Bari, baada ya kukubali kumwachia mwanawe mashamba yake ya Poland na Lithuania. Fedha taslimu aliondoka nazo. Huko alimkopesha Philip II wa Hispania dukati 430,000 kwa vita vyake vya Italia, dhamana ikiwa ushuru wa Foggia. Novemba 1557 akafariki. Wanahistoria wengi wanaamini aliuawa kwa sumu na mtu wake wa karibu, Gian Lorenzo Pappacoda, aliyehusishwa na wosia uliompa Philip utawala wa Bari. Poland ilidai mkopo huo vizazi na vizazi, isilipwe wote.

Waliomwita mchoyo walisahau hesabu moja: mashamba aliyoyakomboa yaliishia kwa mfalme. Na miaka mitano tu baada ya kifo chake, bunge la mwaka 1562 na 1563 liliamua kwamba mashamba ya taji yaliyotolewa tangu mwaka 1504 bila idhini ya bunge yarudishwe. Makabaila walikuwa wameikubali hoja ya Bona kwamba ufalme hauwezi kuishi kwa kuweka ardhi yake rehani. Tofauti ni kwamba safari hii kazi ya kuikomboa ilikuwa mikononi mwao.