UVIMBE WA UZAZI SI CHIRA

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Huku kwetu Migori na Homa Bay, mama akitokwa na damu nyingi kila mwezi, wapo wanaonong'ona eti ni chira, amevunja mwiko. Naye kwa aibu hunyamaza. Je, ukweli ni upi?

Mara nyingi kisa chenyewe ni faibroidi. Huu ni uvimbe unaoota kwenye msuli wa mfuko wa uzazi. Si saratani. Waweza kuwa mdogo kama punje ya dengu au mkubwa kama tikiti maji. Chakula chake ni homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Ndiyo maana hunywea mama anapokoma hedhi.

Lakini homoni haziko peke yake. Mwili una askari wake wa kinga, nao hupelekeana habari kwa protini ziitwazo sitokini. Ukijikata kwa jembe, sitokini huwaita askari wengine, mahali pale huvimba, kisha nyuzi hujengwa kuziba kidonda. Kazi ikiisha, ujenzi husimama. Ndani ya faibroidi, ujenzi hausimami! Protini moja ya jamii hiyo, TGF-beta 3, hupatikana humo kwa wingi kuliko kwenye msuli wa kawaida. Huchochea nyuzi zizidi kurundikana, na uvimbe huwa mgumu. Tena hufika hadi utando wa ndani wa mfuko na kupunguza protini zinazodhibiti kuganda kwa damu. Basi damu humwagika kupita kiasi.

Sasa fikirieni: huku kando ya ziwa, malaria na selimundu tayari hutumalizia damu. Mama akipoteza nyingine kila mwezi, atachoka, atapata kizunguzungu, moyo utamwenda mbio. Akiachwa hivyo hivyo, maisha yake yamo hatarini.

Kwa hivyo mama, dada au shangazi akilalamika, tusimcheke wala tusimnong'one. Tumsindikize hospitalini apimwe damu na kupigwa picha ya altrasaundi. Zipo dawa za kupunguza damu, na upo upasuaji wa kutoa uvimbe na kuuacha mfuko wa uzazi mahali pake. Manyasi hayatoi faibroidi, jamani!