Kusoma Yasiyoandikwa: Mtoto Mtungaji wa Mchezo na Ufundishaji wa Ung'amuzi



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu pengo ambalo maandishi ya Kiswahili, kwa wepesi wake, hulificha. Kiswahili kina irabu 5, silabi zake nyingi ni wazi, na tahajia yake hufuata matamshi kwa karibu sana. Mtoto akishajua sauti ya kila herufi, pamoja na michanganyiko michache kama vile ng', ny, sh na dh, anaweza kutamka takriban kila neno analokutana nalo, hata lile ambalo hajapata kulisikia. Hii ni neema kubwa kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Hata hivyo, neema hiyo hutupumbaza. Mtoto anaposoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama, huridhika nafsi zetu kwamba anajua kusoma, ilhali pengine anachojua ni kutamka.

Maswali tunayouliza baada ya habari za ufahamu nayo hayasaidii sana kulifichua pengo hilo. Tuchukue sentensi hii ambayo nimeibuni: "Mbiku alidwiga shendu kwa kifadu." Sentensi haina maana yoyote. Lakini tukimuuliza mtoto, "Nani alidwiga shendu?" atajibu, "Mbiku." Tukimuuliza, "Alidwiga kwa kutumia nini?" atajibu, "Kifadu." Atapata alama zote, na hakuna alichokielewa. Swali linalojibika kwa namna hii halipimi ufahamu. Linapima uwezo wa kunakili. Mtoto anayelelewa na maswali ya aina hiyo huja kukabiliwa, utu uzimani, na mkataba wa pango au maelezo ya dawa, ambamo jambo muhimu kuliko yote huenda halikutajwa waziwazi.

Hoja yangu ni kwamba njia mojawapo iliyo bora ya kumfundisha mtoto kusoma yasiyoandikwa ni kumfanya awe mtungaji wa mchezo ambao wenzake wataucheza kwa kusoma. Anayetunga mchezo wa aina hii hulazimika kuamua nini akiseme na nini akifiche, na kwa uamuzi huo huiona maana ikijengwa.

2.0 Dhana ya Ung'amuzi

Kwa neno ung'amuzi nina maana ya kitendo cha msomaji kufikia jambo lisilotajwa katika matini kwa kuunganisha dalili zilizoandikwa na maarifa aliyo nayo. Kitendo hiki kina nguzo tatu, ambazo zaweza kuelezwa kwa maneno anayoyaelewa mtoto wa darasa la tatu: imeandikwa, ninajua, kwa hiyo. Tuchukue mfano: "Babu alitazama mawingu, akaanua mpunga upesi." Imeandikwa kwamba babu alitazama mawingu na kwamba alifanya haraka. Ninajua kwamba mpunga ulioanikwa ukilowa huharibika. Kwa hiyo, babu alihofia mvua. Neno mvua halimo katika sentensi, lakini asiyeiona mvua hiyo hajaisoma sentensi. Ikikosekana nguzo ya kwanza, tunabahatisha. Ikikosekana ya pili, tunanakili.

Wataalamu wameishughulikia dhana hii kwa muda mrefu. Mwaka 1983, van Dijk na Kintsch walitenganisha matabaka matatu ya kuelewa matini: maneno yenyewe, maana ya sentensi zilizounganishwa, na picha ya hali inayozungumziwa. Mtoto aliyejibu maswali ya Mbiku hakuifikia picha hiyo, kwa kuwa haikuwapo. Mwaka 1986, Gough na Tunmer walieleza kwamba usomaji ni utambuzi wa maneno yaliyoandikwa uliozidishwa kwa ufahamu wa lugha. Walizidisha, hawakujumlisha: kimojawapo kikiwa sifuri, jawabu ni sifuri. Nchini Uingereza, Jane Oakhill aliwachunguza watoto waliotamka maneno vizuri lakini wakawa dhaifu katika ufahamu, na mwaka 1984 alionyesha kwamba, hata waliporuhusiwa kuitazama tena hadithi, maswali ya ung'amuzi yaliendelea kuwashinda. Kwa hiyo kusahau peke yake hakuwezi kuwa sababu. La kutia moyo ni kwamba mwaka 1988 yeye na Nicola Yuill walionyesha kuwa stadi hii hufundishika, iwapo watoto watazoezwa kusaka dalili katika maneno, kujitungia maswali, na kukisia sehemu ya habari iliyofichwa.

3.0 Dalili Zinazobebwa na Sarufi ya Kiswahili

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ufundishaji huu ni kuchukua mbinu za lugha nyingine na kuzivika kanzu. Sarufi ya Kiswahili ina dalili zake yenyewe, na ni hazina kwa mtungaji wa mchezo.

Kwanza, upatanisho wa ngeli huweza kulificha jina huku ukiacha alama yake. Tuchukue sentensi hii: "Liliniponyoka mkononi, likapasuka, na kuku akaniangalia kama mwizi." Jina halikutajwa. Kiambishi li- kimeondoa kikombe, sahani na mtungi, lakini kimeacha embe, boga na yai. Kuku ndiye anayeamua. Hapa sarufi na maarifa ya ulimwengu vimeshirikiana, na mtoto anaweza kuonyeshwa mchango wa kila kimoja.

Pili, kiambishi a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke, wala hakimtaji mtenda kwa jina. Katika "Asha alimkuta Rehema kisimani. Alikuwa amebeba ndoo mbili," nani alibeba ndoo? Sarufi haitoi jawabu. Msomaji lazima atafute dalili kwingine, au akiri kwamba dalili haitoshi. Kukiri huko nako ni sehemu ya kusoma.

Tatu, mnyambuliko wa kitenzi hudokeza mengi. "Kikombe kimevunjwa" ina maana kwamba yupo aliyekivunja, ingawa hakutajwa. "Kikombe kimevunjika" iko kimya kuhusu mtenda. Hapana budi mtoto ajue kwamba ukimya si ukanushaji: huenda yupo aliyekivunja, na huenda kilianguka chenyewe. Hali kadhalika, anayesema "Ungaliniambia, ningalikuja" ametuarifu mambo mawili bila kuyatamka: hakuambiwa, na hakuja.

4.0 Kitendawili kama Mchezo wa Ung'amuzi

Jamii ya Waswahili haikungoja vyuo vikuu ili kuwafundisha watoto kufikia lisilotajwa. Kitendawili ni mchezo kamili wa ung'amuzi. Una mwito na kiitikio: "Kitendawili!" "Tega!" Una dalili, una jawabu lililofichwa, na una adhabu: aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji akishaupokea ndipo hufumbua.

Hata hivyo, kitendawili kimepatwa na maradhi darasani. "Nyumba yangu haina mlango" hujibiwa "yai" na mtoto ambaye hajapata kujiuliza ni kwa sifa gani yai lafanana na nyumba. Amelikariri jawabu kama anavyokariri jedwali la kuzidisha. Kitendawili kilichozoeleka hupima kumbukumbu; kile kinachosikika kwa mara ya kwanza ndicho kinachodai ung'amuzi. Hiyo ndiyo sababu haitoshi kuwategea watoto vitendawili vya vitabuni. Hatuna budi kuwaachia wavitunge wenyewe, na kisha tuwaongoze kutoka kitendawili cha sentensi moja hadi mchezo wa hadithi nzima.

Wazo la mtoto kujifunza kwa kubuni si geni katika elimu. Seymour Papert alilitetea katika kitabu chake cha 1980, na Yasmin Kafai, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1995, alieleza jinsi wanafunzi wa darasa la nne nchini Marekani walivyobuni michezo ya kompyuta ya kuwafundisha wadogo zao sehemu katika hisabati. Somo lilikuwa jingine, lakini kanuni ni ileile: anayebuni kwa ajili ya mwingine hulazimika kuwaza kwa kichwa cha huyo mwingine. Aidha, kanuni hiyo haihitaji kompyuta. Vipande vya maboksi, kalamu na vifuniko vya soda vinatosha.

5.0 Utaratibu wa Kutunga Mchezo

Kundi la watoto wanne au watano hupewa kazi ya kutunga hadithi ya kadi chache zinazofunuliwa moja moja. Masharti ni matatu. Jawabu lisitajwe katika kadi yoyote. Kila kadi iwe na dalili inayoondoa uwezekano fulani au kuuimarisha mwingine. Mchezaji asipate kifuniko kwa kutaja jawabu tu, bali aeleze: "Kadi imeandikwa hivi, mimi ninajua hivi, kwa hiyo jawabu ni hili."

Tuchukue mfano wa mchezo uitwao "Kikombe". Kadi ya kwanza: "Asubuhi Bibi aliacha kikombe cha maziwa juu ya meza, akafunga mlango kwa kufuli, akaenda shambani na Juma." Kadi ya pili: "Waliporudi adhuhuri, kufuli lilikuwa palepale." Kadi ya tatu: "Dirisha dogo la jikoni lilikuwa wazi." Kadi ya nne: "Kikombe kilikuwa kimevunjika sakafuni, lakini sakafu ilikuwa kavu." Wengi watasema ni paka: mlango ulifungwa, dirisha ni dogo, na maziwa yaliyomwagika yamerambwa. Neno paka halikuandikwa popote.

Sasa mtoto anayeishi karibu na msitu anasema, "Ni tumbili." Je, amekosea? La, hasha. Tumbili hupita dirishani, na anaweza kunywa maziwa kabla ya kukiangusha kikombe. Watungaji hawana haki ya kumwambia kwamba amekosea. Wana wajibu wa kurudi kwenye kadi zao. Huenda wakaongeza kadi ya tano: "Uvunguni mwa kitanda kulisikika mlio, na Bibi akacheka akisema, 'Leo panya watapumzika.'" Hapa ndipo mafunzo makubwa yanapotokea. Mtoto ametambua kwamba maana aliyokuwa nayo kichwani haikufika kwenye kadi, na ameitafutia dalili bila kuitaja.

Kwa hiyo jaribio la mchezo lisiachwe. Kundi la pili likijua jawabu katika kadi ya kwanza, mchezo ni mwepesi mno. Kila mchezaji akija na jawabu lake mpaka kadi ya mwisho, dalili hazitoshi. Watungaji husahihisha, kisha kundi la tatu hucheza. Katika darasa la watoto 70, makundi hubadilishana kadi, na mwalimu huzunguka akiuliza swali moja tu: "Umejuaje?"

6.0 Pingamizi na Mipaka

Wapo watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na muda ni mchache. Pingamizi hili ni la haki, lakini mchezo mmoja una ndani yake insha, sarufi, ufahamu na mazungumzo, ambavyo kwa kawaida hugawiwa vipindi mbalimbali. Wengine watahofia kwamba watoto watabahatisha. Kanuni ya kudai sababu ndiyo dawa: jawabu sahihi lisilo na dalili halipewi kifuniko, na jawabu lisilotarajiwa lenye dalili nzuri husikilizwa.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Ung'amuzi hutegemea maarifa, na maarifa hayakugawiwa sawasawa. Sentensi "Alivua viatu, akatawadha, akaingia" humpeleka mara moja msikitini mtoto wa Lamu au Unguja. Mtoto ambaye hajapata kukaa na Waislamu huenda asifike huko, na hilo halitokani na uzito wa akili. Kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki, vilevile, Kiswahili ni lugha ya pili. Mtihani huwaadhibu watoto hawa kimyakimya. Mchezo, kinyume chake, huliweka tatizo mezani, kwa kuwa mchezaji hutakiwa kusema anachokijua, na anayekikosa hujifunza kutoka kwa mwenzake. Mwalimu naye hutambua kama mtoto amekosa dalili, amekosa neno, au amekosa maarifa. Hayo ni maradhi matatu tofauti, na dawa zake ni tofauti.

7.0 Hitimisho

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu ya msingi nchini Tanzania mwaka 1967 ili mtoto afikiri kwa lugha anayoielewa. Lengo hilo halitimii kwa kutamka silabi. Hutimia mtoto anapoweza kuuliza matini: umesema nini, umenyamazia nini, na kwa nini?

Kwa wanafunzi wa isimu waliopo hapa, kazi ni nyingi. Twahitaji kuchunguza ni viambishi gani watoto huvitumia kama dalili na kwa umri gani. Iwapo mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kwanza huitegemea ngeli zaidi ya yule aliyejifunza shuleni. Na iwapo watoto waliotunga michezo husoma vizuri zaidi hata habari ambazo hawakuzitunga wao. Maswali haya hayahitaji maabara ya gharama. Yanahitaji mtafiti aliye tayari kuketi mkekani na watoto, kuzisoma kadi zao, na kuwauliza kwa dhati, "Mmejuaje?"