Boti Isiyo na Uzito

Ukimwonyesha mtu picha ya lifti ya boti ya Anderton, iliyoko Cheshire, Uingereza, swali lake la kwanza huwa hili: boti ikisheheni chumvi, mtambo hauelemewi? Hauelemewi. Boti tupu na iliyosheheni kwake ni mamoja.

Chukua ndoo, ijaze maji pomoni, uipime. Kisha weka nazi yenye makumbi ielee ndani. Maji yatamwagika, na ukiipima tena ndoo utapata uzito uleule. Kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Archimedes aliligundua hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mhandisi Edwin Clark akalijengea mtambo.

Pale Anderton, mfereji wa Trent and Mersey umepita mlimani na Mto Weaver uko bondeni, kiasi cha mita 15 chini yake. Kabla ya mtambo huo kuanza kazi 1875, shehena ilihamishwa kwa winchi, na chumvi iliporomoshwa kwenye mitelezo hadi mtoni. Clark akaweka mahodhi mawili ya chuma, kila moja likiwa na uzito wa tani 252 pamoja na maji yake, na chini ya kila hodhi pistoni moja nene. Silinda za pistoni hizo ziliunganishwa kwa bomba, kwa hiyo hodhi moja likishuka, jingine hupanda.

Nahodha wa mfereji aliingiza boti yake nyembamba, yenye upana wa mita mbili na ushei, ndani ya hodhi la juu. Boti mbili zilienea ubavu kwa ubavu. Malango yakafungwa. Hodhi la chini lilipunguzwa maji kina cha sentimita 15 tu, likawa jepesi kwa tani 15 hivi, na la juu likaanza kushuka lenyewe. Shida ilikuwa mwishoni. Hodhi lilipogusa maji ya mto, nalo likataka kuelea! Mzani ukaharibika, na mita moja na kitu iliyobaki ikahitaji shinikizo la mtambo wa mvuke.

Uzito, basi, ulikwisha kudhibitiwa. Kilichoushinda mtambo ni maji yaliyotiwa ndani ya silinda. Yalichotwa mferejini, katika eneo la viwanda vya chumvi na kemikali, yakaichimba pistoni mistari mistari. Mafundi wakaziba mistari hiyo kwa shaba. Hapo ndipo walipokosea: shaba na chuma vikikutana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na chuma ndicho kinacholiwa. Tayari mwaka 1882 silinda moja ilikuwa imepasuka na hodhi likashuka na boti yake. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Mwaka 1908 pistoni ziliachwa. Kila hodhi likaning'inizwa kwa kamba za chuma zilizopita juu ya kapi, na upande wa pili vizito vya tani 252, huku mota ya umeme ikizungusha kapi hizo tu. Mtambo huo nao ukaliwa na kutu, ukafungwa 1983. Mafundi walioufufua 2002 walirudi kwenye pistoni za Clark, ambazo kwangu mimi ndizo nzuri zaidi, ila safari hii zinasukumwa na mafuta. Kapi za 1908 bado ziko juu kabisa, hazizunguki, na vizito vimepangwa chini uwanjani, vikawa njia za kupoteana wanamochezea watoto.