Mshubiri haufi kwa kiu, unakufa kwa maji

Juma hili tuzungumze juu ya mti mdogo unaokaa dirishani au barazani katika nyumba nyingi za hapa Bukavu: mshubiri, ule ambao wengi tunauita alovera. Tunaupenda kwa sababu hausumbui. Lakini siku moja unajaa kopo lake, unainama, na mama anaamua kuuhamishia chombo kingine. Hapo ndipo wengi tunauua. Mimi pia nilikaribia kuua wangu.

Mshubiri wetu ulikuja na mama mkwe. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, alitoka kijijini na kikapu cha viazi, kuku mmoja, na mche mdogo aliouzungushia jani la mgomba. Aliupanda mwenyewe katika kopo la maziwa ya unga, akauweka dirishani. Ulikaa pale miaka saba, ukinyweshwa siku tukiukumbuka. Alipofariki, niliona haya kuuacha mti wake katika kopo lenye kutu. Nilitafuta ndoo ya litre 20, nikaijaza udongo mweusi wa chini ya mti wa avoka pamoja na mbolea ya ng'ombe, nikauhamishia humo. Ilikuwa mwezi wa 4, mvua inanyesha karibu kila siku, na mimi nikaongeza maji kila asubuhi.

Baada ya majuma matatu majani yalilegea na kugeuka rangi ya njano. Nilidhani ni kiu, nikazidisha maji. Jirani yangu, mama mzee, alipita akaugusa kwa kidole.

– Mwalimu, mti huu haukauki. Umezama.

– Lakini Mama, majani si yamelegea?

– Ung'oe, uangalie chini.

Niliung'oa. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, na inanuka. Shina lilikuwa limeoza hadi katikati. Kilichobaki kizima ni mtoto mmoja wa pembeni, mrefu kama kidole changu.

Kwa nini uliharibika

Asili ya mshubiri ni milima mikavu yenye mawe ya Bara Arabu. Huko mvua ni chache, kwa hiyo mti huu umejifunza kuweka akiba ya maji ndani ya majani. Kila jani nene ni bidoni iliyojaa. Mtu mwenye bidoni zimejaa nyumbani hakimbilii bomba kila asubuhi.

Tena, mizizi inahitaji hewa. Udongo wetu mzito ukilowa hushikamana kama bugali, hewa haipiti, na mizizi inaoza. Chombo kikubwa kinaongeza shida: mizizi michache inakunywa maji kidogo, na udongo mwingine wote unabaki umelowa siku nyingi. Na mizizi iliyooza haiwezi kupeleka maji juu. Ndiyo maana majani yanalegea kama ya mti wenye kiu. Mama anadanganyika, anaongeza maji, na mambo yanakuwa mabaya zaidi.

Wakati wa kuhamisha

Mshubiri unaweza kukaa miaka miwili au mitatu katika chombo kimoja. Uhamishe ukiona mizizi inatokea kwenye matundu ya chini, mti unaangusha chombo kwa uzito, au watoto wamejaa pembeni hadi hakuna nafasi. Kwetu, miezi ya kiangazi, kuanzia wa 6 hadi wa 8, inafaa kwa sababu vidonda vya mizizi vinakauka upesi. Ukilazimika kuhamisha wakati wa mvua, fanyia kazi barazani, na uache mti chini ya paa.

Chombo na udongo

Chagua chombo kinachozidi cha zamani kwa vidole viwili tu upande hadi upande. Chungu cha udongo ni kizuri kwa sababu kinapumua, lakini kopo la maziwa, sufuria iliyotoboka au bidoni ya mafuta iliyokatwa nusu pia vinafaa. Jambo moja halina msamaha: matundu chini. Toboa manne au matano kwa msumari. Chombo kisicho na tundu ni kisima.

Udongo upime kwa kopo moja, hivi:

– kopo 1 la udongo wa kawaida wa shamba, uliochujwa mawe na majani;
– kopo 1 la mchanga wa wajenzi wenye chembe kubwa, si ule laini kama unga;
– kopo 1 la vipande vidogo vya tofali la kuchoma au vya makala, vikubwa kama punje za mahindi.

Volkano ya Nyiragongo, iliyounguza nyumba za ndugu zetu wa Goma mwaka 2002 na tena 2021, imeacha huko changarawe nyeusi yenye matundu. Aliye na ndugu Goma aombe mfuko mdogo. Inachukua vizuri nafasi ya tofali.

Kisha jaribu. Lowesha konzi moja ya mchanganyiko, ibane mkononi, fungua. Ikibaki donge, ongeza mchanga. Ikisambaratika, iko tayari. Mbolea ya ng'ombe usitie.

Namna ya kuhamisha

Acha kunywesha juma moja kabla. Udongo mkavu unaachia mizizi bila kuikata. Siku ya kazi, laza chombo, kigonge pembeni, na uvute mti taratibu ukiushika kwenye shina, si kwenye majani. Kopo likigoma, ni heri kulikata kopo kuliko kuuvunja mti.

Kung'uta udongo wa zamani kwa vidole. Usioshe mizizi. Mizizi mizima ni migumu na ina rangi ya njano au kahawia nyepesi. Iliyo myeusi na laini uikate kwa kisu ulichopitisha motoni kikapoa. Kisha, na hapa ndipo subira inapohitajika, laza mti kivulini siku mbili au tatu bila udongo wala maji, hadi vidonda vikauke. Hautakufa. Una akiba yake.

Baadaye upande kwa kina kilekile cha zamani. Majani yasifukiwe, maana yakigusa udongo wenye unyevu yanaoza. Bonyeza kidogo tu. Usinyweshe siku hiyo. Ngoja juma zima, kisha nywesha mara moja hadi maji yatoke chini. Kuanzia hapo, ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili: ukisikia unyevu, ondoka, ukiwa mkavu kabisa, nywesha. Wakati wa mvua, mti ulioko barazani unaweza kukaa majuma matatu bila tone. Ukiweka kisahani chini, mwaga maji yanayobaki, yasije yakawa mahali pa mbu kutaga mayai.

Juma la kwanza na la pili usiuweke kwenye jua kali. Uzoeshe kidogo kidogo, la sivyo majani yatageuka mekundu au kahawia.

Watoto wa mshubiri

Siku ya kuhamisha ndiyo siku ya kutenganisha watoto. Mtoto mwenye majani manne na mizizi yake mwenyewe yuko tayari kuhama. Mwenye urefu usiofika kidole mwache na mama yake. Ukimvunja bila mizizi kwa bahati mbaya, usimtupe: mkaushe kivulini siku tano, msimamishe juu ya mchanga mkavu, na baada ya majuma machache atatoa mizizi. Hivyo ndivyo nilivyookoa yule mmoja wangu.

Tahadhari kwa wenye watoto

Ukikata jani, chini ya ganda kunatoka utomvu wa njano, mchungu. Huo unachafua nguo na unaharisha vibaya. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto mdogo wasinyweshwe kamwe. Pia usichanganye mshubiri na miti ya ua inayotoa maziwa meupe ikivunjwa. Maziwa hayo yakiingia jichoni yanaweza kuharibu macho. Mti ukitoa maziwa meupe, si mshubiri. Na mtoto akiungua, kwanza ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kidonda kikiwa kikubwa, kituo cha afya, si dirishani.

Yule mtoto mmoja niliyemwokoa sasa amejaa katika kopo lingine la maziwa, na amezaa wanne. Wawili nimewapeleka kwa mawifi zangu, kwa sababu mama aliyeuleta mti alikuwa mama yao. Mmoja uko darasani, na wanafunzi wamekatazwa kuunywesha bila kwanza kuingiza kidole. Wa nne nitakuja nao kwenye mkutano wa AVEC, kwa mama wa kwanza atakayekuja na kopo lenye matundu chini.